Milimita 160 za Nini Sekei?

Ukiishi Sekei, Arusha, mlima hautafutwi. Toka nyuma ya Mount Meru Hotel, geuza usukani kaskazini, na baada ya muda mfupi lami imekwisha, gia nyepesi kuliko zote nayo imekwisha, na bado hujafika popote. Jiji la Arusha limekaa kwenye mita 1,400 hivi kutoka usawa wa bahari. Kilele cha Mlima Meru kiko zaidi ya mita 4,560. Tofauti hiyo ya zaidi ya kilomita tatu kwenda juu imebanwa katika umbali usiofika kilomita 20, na Sekei ndipo mbano unapoanza kuonekana. Mito inakata ardhi kutoka juu kwenda chini, na kila njia ama inafuata mgongo ulio kati ya mto na mto, ama inakutumbukiza bondeni na kukulazimisha upande tena upande wa pili.

Ndiyo maana baiskeli za mlimani zimepata watu huku. Jumamosi asubuhi utawaona, wengine na kofia ngumu na glavu, wengine na kandambili, wakipanda kutoka Sanawari kwenda Ilboru, Moivo na Ilkiding'a, au wakikatiza kuelekea Oldadai na Ngiresi. Wakisimama kupumua, mazungumzo hayachelewi kufika kwenye shokapu. Hiyo yako ni ngapi? Mia? Mia na ishirini? Mwenye 160 hujibu kwa sauti kubwa kuliko wenzake. Mimi naona kwamba, kwa njia zinazoanzia Sekei, huyo wa 160 mara nyingi amelipia kitu asichokitumia, na kwamba namba hiyo ichaguliwe kwa kutazama unavyopanda kabla ya kutazama unavyoteremka.

Tuelewane kwanza tunapima nini. Shokapu ina pale inapokaa bila uzito wowote juu yake, na ina pale inapogota. Umbali ambao gurudumu linaweza kupanda kati ya hapo na hapo ndio mbonyeo wake. Mbele ni rahisi kuuona: kiasi ambacho yale mabomba yanayong'aa yanaingia ndani ya miguu ya shokapu ndicho kiasi gurudumu linachopanda. Nyuma kuna hesabu nyingine, kwa sababu shokapu ya nyuma ni fupi na inasukumwa kupitia mikono ya fremu. Shokapu inayobonyea milimita 50 kwenye fremu yenye uwiano wa 2.6 inalipa gurudumu milimita 130. Kwa hiyo usipime shokapu ya nyuma kwa rula ukadhani umepata jibu; uliza fremu yenyewe ilitengenezewa nini.

Watengenezaji wamejigawia makundi. Baiskeli za mashindano ya mizunguko ya porini, zile za Olimpiki, zina milimita 100 hadi 120. Za matembezi ya kila aina milimani zina 120 hadi 150. Za endyuro, mchezo ambao mtu anapanda kwa miguu yake mwenyewe lakini saa inahesabu mteremko tu, zinaanzia 150 na kufika 170 au 180. Za kuteremka tupu, ambazo huko Ulaya hupandishwa mlimani kwa viti vya kamba, zina 200 hivi. Mipaka hii si amri. Ni mahali pa kuanzia mazungumzo, na muuzaji mwaminifu atakuuliza unaishi wapi kabla hajakuonyesha hata moja.

Zamani hapakuwa na cha kuuliza. Swala iliyotengenezwa Dar es Salaam na kampuni ya NABICO, na Phoenix kutoka China, zilikuwa na milimita sifuri, na zilibeba ndizi na maziwa kutoka vijiji vya mlimani bila mtu kuandika makala. Mwishoni mwa 1984 binamu wawili Waingereza, Nicholas Crane na Richard Crane, walipandisha baiskeli Kilimanjaro, mlima wa mita 5,895, kuchangisha fedha kwa ajili ya shirika la Intermediate Technology, na kitabu chao juu ya safari hiyo kikatoka 1985. Baiskeli zao hazikuwa na shokapu. Zingetoka wapi? RS-1 ya RockShox, aliyoibuni Mmarekani Paul Turner na iliyofungua biashara hii, iliingia sokoni 1989, na mbonyeo wake ulikuwa milimita 50 hivi. Mchezo ulipoingia Olimpiki kule Atlanta mwaka 1996, wengi walishindana na mbonyeo mfupi mbele na fremu kavu nyuma. Leo washindani wengi wa mchezo uleule wana shokapu mbili. Namba zimepanda kwa sababu njia za mashindano zimewekewa mawe na miruko ya makusudi, na kwa sababu teknolojia imeruhusu. Meru haujabadilika kiasi hicho tangu ulipotema majivu kwa mara ya mwisho mwaka 1910.

Tuje kwenye njia zenyewe, maana hapo ndipo jibu lilipo.

Udongo wa upande huu ni wa volkano. Kiangazi unakuwa vumbi jepesi linalofunika mawe ya ukubwa wa ngumi, na mawe hayo hayajashikwa na kitu. Tairi likiyagusa yanabingirika. Masika vumbi hilohilo linakuwa utelezi, na kwenye miteremko mikali maji yanachimba makorongo katikati ya njia, ya kina cha kutosha kumeza gurudumu lote. Halafu kuna mifereji ya umwagiliaji, inayokatiza njia bila taarifa, mingine imewekewa gogo au bamba la bati, mingine haina kitu. Ukiingia kwenye mashamba ya Waarusha, njia inakuwa upana wa mabega katikati ya migomba na kahawa. Mizizi iko, lakini si mingi mpaka ufike msituni. Miruko mirefu ya mwamba, ile inayomfanya mtu ahitaji milimita 170 ili asivunjike mkono, ni michache sana, na iliyopo iko mahali ambapo mtu mwenye akili hushuka akasukuma.

Upande wa magharibi, kule Olmotonyi, kwenye misitu ya kupandwa inayozunguka Chuo cha Misitu, mambo ni tofauti kidogo. Kuna barabara za magogo, pana na ndefu, na kati ya misonobari kuna vijia vya kasi ambavyo mtu anaweza kuachia breki. Huko shokapu ya nyuma inalipa deni lake. Ukipanda zaidi, upande wowote ule, unafika kwenye mpaka wa hifadhi, na huko kuna kibali, kuna ada, na kuna nyati. Hao nyati hawajali una milimita ngapi.

Lakini jambo kubwa kuhusu njia za juu ya Sekei halihusu udongo. Njia hizi ni za watu. Hazikuchongwa kwa ajili ya baiskeli. Mama ametoka kukata majani ya ng'ombe, mzigo umemfunika kichwa na mabega, hasikii nyuma wala haoni pembeni. Watoto wanarudi shule wakiwa wamejipanga njia nzima. Mbuzi wamefungwa kamba upande mmoja na wamehamia upande mwingine, kamba imekatiza njia. Ukishuka hapo kwa mwendo ambao mtu anaweza kumwamkia mama mtu mzima akaitika, ule mwendo wa kusema kwa Kimaasai "Takwenya, yeyo" na kusikia "Iko" ikirudi, huhitaji zaidi ya milimita 120. Mbonyeo mrefu unakuja na kishawishi chake: unafanya mawe yasisikike, na mawe yasiposikika mtu anasahau ana kasi gani. Nimewaona vijana wakipita vichochoro vya Ilboru kwa kasi ambayo breki zao haziwezi kuitolea maelezo. Mimi naona hiyo peke yake inatosha kumshauri mtu apunguze.

Sasa kupanda. Kutoka Sekei hadi ukingo wa msitu ni kupanda mita 300 au 400 za wima, kutegemea njia, na kwa mtu wa kawaida hiyo ni zaidi ya nusu saa ya kazi, mara nyingi saa nzima ukihesabu na kusimama. Kuteremka ni robo saa. Yaani sehemu kubwa ya muda wako juu ya siti unautumia ukipanda, na shokapu ndefu inakusumbua hapo kwa namna tatu.

Watu hutaja uzito kwanza, na hapo naona wanakosea. Chukua mtu wa kilo 70 na baiskeli ya kilo 14. Akiongeza kilo mbili, ameongeza kama asilimia mbili na ushee ya mzigo wote. Katika kupanda kwa dakika 40 hiyo haifiki dakika moja. Chupa mbili kubwa za maji zina uzito huohuo na hakuna anayeziacha nyumbani. Tatizo halisi ni mkao. Shokapu ndefu ya mbele inainua usukani, na ya nyuma inazama chini ya makalio yako ukiwa kwenye mwinuko, kwa hiyo uzito wote unahamia nyuma. Gurudumu la mbele linakuwa jepesi, linayumba, linatangatanga kama mbuzi aliyekata kamba, na kwenye kona za kupanda linanyanyuka kabisa. Ndipo mtu anashuka na kusukuma, akidhani mapafu ndiyo yamemwangusha. Halafu kuna ile bonyeabonyea ya kila mzunguko wa pedali: nguvu iliyopaswa kwenda kwenye cheni inakwenda kupasha moto oili ya shokapu. Shokapu nzuri zina kitasa cha kuzifunga wakati wa kupanda, na fremu za siku hizi zimebuniwa kupunguza hali hiyo, lakini kwenye baiskeli ya bei ya kati iliyokwishatembea miaka kadhaa, kitasa hicho mara nyingi ndicho cha kwanza kufa.

Kuna hesabu moja ambayo ningependa kila mnunuzi aifanye kabla hajafungua pochi. Shokapu haifanyi kazi ikiwa imenyooka wima. Ukiikalia lazima izame kidogo, ili gurudumu liweze pia kushuka kwenye shimo na si kupanda jiwe tu. Kwa baiskeli za mbonyeo mfupi, kuzama huko huwa robo au chini yake; kwa ndefu, karibu asilimia 30. Chukua ya milimita 120 inayozama robo: milimita 30 zimekwenda, zimebaki 90 za kupokea mapigo. Chukua ya 150 inayozama asilimia 30: milimita 45 zimekwenda, zimebaki 105. Wewe ulidhani unanunua milimita 30 za ziada. Juu ya jiwe umepata 15, upana wa kidole. Zile nyingine si za bure, zinasaidia tairi kushika ardhi kwenye mashimo, ila si ngao uliyoambiwa dukani.

Kipimo chenyewe ni rahisi. Vaa kila unachovaa ukienda safari, begi mgongoni na maji ndani. Funga mpira mwembamba kwenye bomba la shokapu na uusukume mpaka chini kabisa. Mtu ashike baiskeli, wewe ukae polepole bila kuruka, miguu yote miwili kwenye pedali, kisha ushuke polepole vilevile. Mpira utakuwa umebaki pale uzito wako ulipoufikisha. Shokapu ya upepo ikizama mno, ongeza upepo kwa pampu yake maalumu; ikizama kidogo, punguza. Baada ya safari utazame mpira tena. Ukiwa umefika mwisho mara moja, kwenye pigo kubwa kuliko yote, umepatia. Ukifika mwisho kila siku na unasikia chuma kikigota, ama upepo ni mdogo ama kweli unahitaji mbonyeo mrefu zaidi. Na kama safari baada ya safari mpira haupiti theluthi mbili ya mbonyeo, basi theluthi iliyobaki unaibeba mlimani bure.

Kwa watu wepesi kipimo hiki kina habari mbaya. Shokapu za bei nafuu zina springi ya chuma iliyochaguliwa kiwandani kwa ajili ya mtu wa uzito wa kati au zaidi. Binti wa kilo 50 akiikalia, karibu haizami kabisa, na shokapu iliyoandikwa milimita 100 inampa labda nusu yake. Kile kifundo cha kuzungusha juu hakibadilishi ugumu wa springi. Kinaibana tu mapema, kabla hujaikalia. Mtu huyo anafaidika zaidi na shokapu ya upepo ya milimita 100 kuliko springi ya 130, hata kama ya pili inaonekana kubwa na ina stika nyingi.

Hapa ndipo inabidi tuseme juu ya mtumba, kwa sababu baiskeli nyingi za Arusha zilikuja hivyo, ndani ya makontena kutoka Japani na Ulaya, na nyingi zina umri mkubwa kuliko wanaoziendesha. Zile za miaka ya 1990 mara nyingi zina shokapu ambazo ndani yake hamna springi wala upepo. Mna vipande vya mpira. Mpira huo ulikuwa laini siku ya kwanza. Baada ya miaka 25 umekuwa mgumu au umesagika unga, na mabomba yameshika kutu. Mwenye baiskeli anaiona shokapu, anailipia shokapu, na anachopata ni foku (uma wa mbele) nzito isiyosogea. Ushauri wangu kwa hiyo ni mkali: itoe, weka foku ya chuma ya kawaida isiyo na shokapu yenye urefu unaolingana, uokoe uzito, na fedha iliyobaki uiweke kwenye tairi na breki. Utateremka vizuri zaidi. Ndugu zako watakucheka wiki ya kwanza.

Kosa la pili la mtumba ni kinyume chake. Mtu anapata fremu nzuri ya milimita 100, kisha anaokota mahali shokapu ya 140 na kuifunga. Inaingia, ndiyo. Lakini kila milimita 20 za ziada zinalaza pembe ya mbele kwa karibu digrii moja, usukani unapanda, mhimili wa pedali nao unapanda, na baiskeli iliyokuwa hodari kupanda inakuwa ile ya gurudumu linalotangatanga tuliyoisema. Baya zaidi ni shingo ya fremu. Foku ndefu ni nyenzo ndefu, na kila pigo la jiwe linaivuta shingo kwa nguvu ambayo fundi wa kiwandani hakuipigia hesabu. Ufa huanza chini ya shingo, mahali ambapo matope hukaa na macho hayafiki. Kuongeza milimita 10 juu ya kile fremu ilichotengenezewa, wengi huvumilia. Arobaini hapana.

Kabla ya shokapu yoyote kuna tairi, na hapa mafundi wetu wa pembeni mwa barabara wana desturi yao: wanajaza mpaka tairi ligongwe lilie. Kwenye lami ya kwenda mjini ni sawa. Juu ya mawe ya Moivo tairi la namna hiyo linadundadunda tu, na shokapu inalaumiwa. Tairi lenye upana wa inchi 2.3 au 2.4, kwa mtu wa kilo 70, linaweza kwenda na paundi 25 hivi kama halina tyubu na limewekewa maji ya gundi, na zaidi kidogo kama lina tyubu, ili lisibanwe kati ya jiwe na ringi likatoboka. Maji hayo ya gundi yanasaidia pia dhidi ya miiba ya migunga ukienda Oldonyosambu au Monduli. Kipenyo nacho kina kazi. Gurudumu la inchi 29 linapita juu ya shimo ambalo la inchi 26 linaingia ndani yake, kwa hiyo milimita 120 kwenye magurudumu makubwa zinahisiwa nyingi kuliko 120 kwenye madogo. Anayelinganisha namba za baiskeli mbili bila kutazama magurudumu analinganisha nusu ya habari.

Na vumbi. Watengenezaji wengi wanataka miguu ya shokapu ya mbele ifunguliwe, isafishwe na kuwekwa oili mpya kila baada ya saa 50 za kuendesha, na sehemu za ndani zaidi kila saa 100 hadi 200. Hayo wameyaandika wakiwa kwenye nchi zenye manyasi. Vumbi la volkano la Februari linaingia kwenye sili na kusugua ule mng'ao wa mabomba, na mng'ao ukishakwaruzwa haurudi. Shokapu mbili maana yake ni sili mara mbili, pamoja na beringi za mikono ya fremu, ambazo ni nyingi na zina namba zake. Sili za namba uitakayo hazipatikani kila duka. Mara nyingi ni kusubiri mtu anayetoka Nairobi, au ndugu aliye Ulaya. Mtu anayefurahia kupangusa mabomba kila akirudi nyumbani na kufungua miguu ya shokapu barazani anaweza kumiliki chochote. Asiyependa kazi hiyo ajiulize kama kweli anataka shokapu ya nyuma.

Kuna na keria. Watu wengi wa Sekei hawana baiskeli ya Jumamosi na nyingine ya Jumatatu. Ileile inayopanda Ilkiding'a ndiyo inayokwenda kazini, sokoni, na kumbeba mtoto kwa shangazi. Fremu yenye shokapu ya mbele tu inapokea keria bila ugomvi. Yenye shokapu mbili inakataa, au inakubali kwa vifaa vya bei ambayo ungeweza kununua mbuzi.

Kwa hiyo, ningekuwa namshauri mdogo wangu anayeishi pale na mwenye fedha ya kununua mara moja, ningemwambia atafute fremu ya shokapu ya mbele tu, milimita 120, ya upepo, magurudumu ya inchi 29, na fedha yoyote ya ziada iende kwenye ubora wa hiyo shokapu, si urefu wake. Shokapu ya 120 ambayo oili yake inazuia springi isirudi kwa teke inashinda ya 150 inayodunda. Kama anapenda Olmotonyi na anaumwa mgongo, au umri umeanza kudai haki yake, basi shokapu mbili za 120 hadi 140. Kama mapenzi yake ni barabara ndefu za vumbi, kushuka kutoka Monduli na kufuata bonde mpaka Mto wa Mbu, milimita 100 zinatosha na foku kavu yenye tairi nene inatosha pia. Huko adui ni jua.

Na 160? Wapo wanaostahili. Mtu mzito, wa kilo mia na kuendelea, anayependa miteremko mikali anaweza kuzitumia zote. Mwendeshaji anayejiandaa kwa mashindano ya endyuro nje ya nchi hana njia nyingine. Yupo pia anayepandishwa. Siku hizi si ajabu kuona baiskeli imefungwa nyuma ya bodaboda ikielekea juu, mwenyewe amekaa katikati ameshika gurudumu. Kama hupandi kwa miguu yako, nusu ya hoja zangu zinaanguka, na inabaki ile ya mama mwenye mzigo wa majani.

Aliyekwishanunua hana haja ya kuuza kwa hasara. Shokapu nyingi za upepo zinaweza kufupishwa mbonyeo kwa kubadilisha mhimili wa ndani, kwa hatua za milimita 10, na baadhi ya miundo ya zamani ilikuwa na vipete vya plastiki vya kuongeza au kupunguza tu. Kutoka 160 hadi 140 inawezekana kwenye shokapu nyingi za aina hiyo, mradi shokapu ya nyuma isiachwe mbali mno na ya mbele. Tafuta namba ya shokapu, huwa imeandikwa nyuma ya mguu wake au kwenye shingo yake, na ununue mhimili wa namba hiyo tu. Kazi yenyewe ni ya saa moja kwa fundi aliyewahi kuifanya. Kabla hujamkabidhi, mwulize atatumia oili gani. Akikuonyesha kopo la oili ya injini ya pikipiki, rudi na shokapu yako nyumbani.